SEVA YA TOMCAT: KUIWEKA, KUIPANGA NA KUICHUNGA



 

Wanafunzi wa madarasa ya juu wametuuliza mara nyingi: ile kompyuta isiyo na skrini iliyo chini ya meza ya ofisi inafanya kazi gani? Hiyo ndiyo seva yetu. Inatunza daftari la mahudhurio, ada na matokeo ya mitihani, na walimu wanalifungua kutoka kompyuta nyingine za madrasa. Programu inayoiendesha inaitwa Apache Tomcat. Katika makala hii tutaeleza jinsi inavyowekwa, na pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Kwanza tufahamu kazi yake. Wanaoanza huchanganya seva za aina mbili. Ya kwanza ni mfano wa muuza duka: unataka sabuni, anakutolea rafuni ilivyo. Seva hiyo hutoa kurasa zilizokwisha andikwa. Ya pili ni mfano wa mama lishe: unaagiza chapati, ndipo anapoweka chuma jikoni. Mwalimu akitaka mahudhurio ya darasa la tatu kwa mwezi wa Rajab, ukurasa huo haupo popote. Programu huenda kwenye hifadhi, huhesabu, kisha huuandika papo hapo. Tomcat ni jiko la namna hiyo, kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java.

Ilianzia katika kampuni ya Sun Microsystems, mikononi mwa James Duncan Davidson, na mwaka 1999 ikakabidhiwa kwa taasisi ya Apache, inayoitoa bure mpaka leo. Jina lake maana yake ni paka dume. Davidson alitaka mnyama anayeweza kujitafutia mwenyewe. (Paka wa jikoni kwetu naye hajambo kwa hilo.)

Kabla ya Tomcat weka Java, na hapa wengi hukwama, kwa sababu kila toleo lina sharti lake. Tomcat 9 inataka Java 8 au ya juu yake, Tomcat 10.1 inataka Java 11, na Tomcat 11 inataka Java 17. Tena, kuanzia Tomcat 10 majina ya ndani yaliyoanza na javax yalibadilishwa kuwa jakarta, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa ajili ya Tomcat 9 haitafanya kazi humo mpaka igeuzwe. Ukijifunza kwa kitabu cha zamani, tazama kwanza kinazungumzia toleo gani.

Ukishafungua kifurushi utakuta folda kadhaa. Katika bin mna amri za kuwasha na kuzima, katika conf mna mipangilio, katika webapps huwekwa programu zako, na katika logs seva huandika yote yanayoipata. Iambie kompyuta Java iko wapi kwa jina la JAVA_HOME, kisha endesha startup. Fungua kivinjari, andika localhost, nukta mbili, na 8080. Ukiona ukurasa wenye picha ya paka, alhamdulillah.

Sisi hatukumwona paka siku ya kwanza. Tulifuta na kuweka upya mara tatu, toka baada ya Dhuhuri hadi adhana ya Alasiri, bila kufungua folda ya logs hata mara moja. Tulipolifungua faili linaloanza na jina catalina, tuliona imeandikwa kwa Kiingereza kwamba anwani ile imekwisha chukuliwa. Programu nyingine ilikuwa imeshika poti 8080. Tukabadilisha namba moja ndani ya server.xml, basi. Faili hilo hutisha kwa urefu wake, lakini anayesoma elimu ya hadithi hatapata taabu: fuata mlolongo kama unavyofuata isnadi. Tafuta maneno yenye maana ya "imesababishwa na", na lile la mwisho kabisa aghalabu ndilo chanzo.

Sasa kosa letu. Ndani ya conf mna faili la web.xml, na humo mna kipengele kiitwacho listings. Kwa kawaida kimeandikwa false, yaani mgeni asionyeshwe orodha ya mafaili yaliyomo ndani ya folda. Sisi tulikiandika true ili kurahisisha kazi yetu, kisha tukasahau. Na katika folda ya programu, ndani ya webapps, tuliacha faili la watoto wanaolipiwa ada kwa sadaka.

Siku ya tatu alikuja mwanafunzi mmoja, akasubiri wenzake watoke, akasema, "Ustadhi, shikamoo. Nimeona karatasi ambayo nadhani sikutakiwa kuiona." Hakuvunja kitu wala hakudukua. Aliandika anwani tu, seva ikamfungulia kama tulivyoiamrisha. Katika orodha ile mlikuwa na jina la rafiki yake anayekaa naye dawati moja.

Tulichomoa waya wa mtandao saa ile ile. Ilikuwa rahisi kunyamaza, kwani aliyeona ni mmoja na ameahidi kusitiri. Lakini Surat An-Nisaa, aya ya 58, inazungumzia amana na wenyewe, na majina yale hayakuwa yetu. Tulikwenda nyumba kwa nyumba tukawaeleza wazazi. Mzee mmoja alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mwanawe anajua. Hatukuwa na la kumjibu.

Tangu hapo listings imerudi kuwa false. Data haikai ndani ya webapps; na faili ambalo programu inalihitaji kwa siri huwekwa katika WEB-INF, folda ambayo Tomcat haimfungulii mgeni moja kwa moja. Seva haiendeshwi tena kwa jina la msimamizi mkuu wa kompyuta, bali kwa mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa chache. Maneno ya siri yaliyomo katika tomcat-users.xml ni yetu, hayakunakiliwa kutoka mfano wa kitabuni. Na ukurasa wa kusimamia programu tumeuacha ulivyokuja, yaani unafunguka kwenye kompyuta ile ile tu.

Mwanafunzi yule ndiye anayekagua mipangilio hiyo pamoja nasi kila mwanzo wa mwezi. Huanza na web.xml.