Tairi linasugua baada ya kufunga springi fupi

Swali: Fundi, nimefunga springi fupi kwenye Subaru Impreza yangu. Nikipita tuta na abiria nyuma, tairi linasugua. Nifanyeje?

Jibu: Usikimbilie kukata bodi. Paka chaki kwenye mabega yote mawili ya tairi, pakia abiria walewale, pita tuta lilelile polepole, kisha tazama ilipofutika. Upande wa nje: tairi linagusa ukingo wa madigadi, maana rimu imetokeza mno au tairi ni pana. Upande wa ndani: kagua shokapu. Pima pia pengo juu ya tairi, kulia na kushoto. Yakitofautiana, huenda springi haikukaa vizuri kwenye kikombe chake. Alaimenti ni lazima. Na tairi lililokatika ubavuni litoe leo, ubavu hauzibwi.