Kulimbikiza Vitu: Akiba Inapogeuka Maradhi

Wahenga walisema akiba haiozi, na hapa Kisumu tunauishi msemo huo. Mama wa Manyatta huweka mikebe ya mafuta ili apandie sukuma wiki. Fundi wa jua kali hatupi kipande cha bati. Mvuvi wa Dunga hutunza nyavu kuukuu akingoja kuzitia viraka. Hao ni wazima. Kila mmoja anajua kitu chake ni cha kazi gani, na siku ya kukiuza au kukitupa hapotezi usingizi.

Lakini kuna mtu ambaye kila kitu huingia nyumbani kwake na hakuna kinachotoka: magazeti ya zamani, chupa tupu, nguo zilizoraruka, redio mbovu. Kitanda hujaa, mwenyewe akalala kwenye kiti. Jikoni hapapikiki. Ukimgusia habari ya kutupa, hulia au hukasirika. Majirani husema ni mchafu, mchoyo au amerogwa.

Je, ni ugonjwa? Ndiyo. Zamani ulihesabiwa kama tawi la ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliutenga kuwa ugonjwa wa peke yake. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022.

Dalili kuu ni 3:

1. Mtu hushindwa kuachana na vitu, hata visivyo na thamani.
2. Wazo la kuvitoa humtia uchungu mkubwa.
3. Vyumba hujaa hata visiweze kutumika kwa kazi yake.

Daktari huhakikisha pia kwamba hali hiyo haikuletwa na ugonjwa mwingine, kama ule wa kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Mara nyingi ugonjwa huanza ujanani, ukazidi polepole na kuonekana wazi uzeeni. Huweza kufuata ukoo. Msiba au hasara kubwa huweza kuuchochea. Hata hivyo, mtu aliyepoteza mali katika mafuriko ya mwaka 2020, ziwa lilipofurika, kisha akawa mwangalifu na vitu vyake, si lazima awe mgonjwa. Tazama zile dalili 3.

Hatari zake si za aibu tu. Koroboi ikianguka kwenye karatasi, nyumba huteketea. Panya na nyoka hupata maficho, na mikebe yenye maji huzalisha mbu wa homa ya dengi. Mjini New York, mwaka 1947, ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, walikutwa wamekufa katika nyumba iliyojaa zaidi ya tani 100 za vitu. Langley alikuwa ameangukiwa na mrundo wake mwenyewe.

Jamaa wafanye nini? Wengi hungoja mzee aende matangani, kisha huita mkokoteni na kuchoma vyote. Msifanye hivyo. Mgonjwa hupoteza imani nanyi, huweza kuzama katika huzuni kuu, na nyumba hujaa tena, kwa maana maradhi yenyewe hayakutibiwa.

Anzeni na usalama. Mwombeni ruhusa ya kufungua njia ya mlangoni, kisha mahali pa jiko, kisha kitanda. Mwacheni achague mwenyewe kitakachotoka, hata kikiwa kimoja kwa siku. Msimcheke wala kumwita majina.

Kisha mpelekeni kwa daktari. Anaweza kumtuma kwa wataalamu wa akili katika hospitali ya rufaa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga hapa mjini. Tiba inayosaidia zaidi ni ya mazungumzo: mgonjwa hufundishwa, wiki baada ya wiki, kupima mawazo yake, kuamua na kuachilia. Akiwa pia na huzuni kuu au wasiwasi, hupewa dawa.

Nafuu huja polepole. Ikiwa mwezi huu mama yako amelala tena kitandani pake, tiba imeanza kufanya kazi.