SOMO LA DENGU: MCHUZI WA KIHINDI UNAOJENGA MWILI

Katika somo hili tutajifunza chakula cha nchi ya India kiitwacho dal, yaani mchuzi wa dengu. Huko tajiri hukila na maskini hukila, kwa wali au kwa chapati. Wako watu wengi India wasiokula nyama kabisa, na dal ni mojawapo ya vyakula vinavyojenga miili yao.

Dengu si kitu kigeni kwa msomaji wa Biblia. Katika Mwanzo sura ya 25 twasoma jinsi Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na chakula cha dengu. Kosa lake halikuwa kula dengu. Kosa lake lilikuwa kudharau kitu cha thamani. Basi, nasi tusidharau chakula hiki kwa sababu si nyama.

1. Faida yake

Katika gramu 100 za dengu kavu mna karibu gramu 24 za protini, ndicho kitu kinachomkuza mtoto na kusaidia kidonda kupona. Tena mna madini ya chuma, yanayosaidia kutengeneza damu. Protini ya dengu ina upungufu wake, na ya mchele ina upungufu mwingine. Zikiliwa pamoja husaidiana, kama watu wawili wanaochukua mzigo kwa mti mmoja.

2. Vitu vinavyotakiwa kwa watu wanne

Dengu nyekundu zilizokobolewa, kikombe 1, maji, vikombe 4, manjano, nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, kitunguu 1, vitunguu saumu, punje 3, nyanya 2, bizari nyembamba, kijiko 1 cha chai, mafuta, vijiko 2 vikubwa, ndimu 1. Pilipili ni kwa apendaye.

3. Namna ya kupika

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Chagua dengu, uondoe mawe, uzioshe mpaka maji yawe safi.

Pili, zichemshe pamoja na manjano. Ondoa povu. Punguza moto, ukoroge mara kwa mara zisiungue chini. Kwa muda wa nusu saa hivi zitalainika na kupondeka. Usitie nyanya wala ndimu sasa, maana uchachu huzuia dengu zisilainike upesi.

Tatu, katika sufuria nyingine pasha mafuta, utie bizari. Ikianza kulia na kunukia, tia kitunguu, kisha saumu, kisha nyanya. Kaanga mpaka nyanya ziive. Wahindi huita kazi hii tadka. Ndiyo inayotia ladha.

Nne, mimina vyote katika dengu, tia chumvi, acha vichemke kidogo. Ukiisha kuepua, kamua ndimu. Ndimu husaidia mwili kupokea chuma. Chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia.

4. Mtoto na mgonjwa

Angalia sana hapa, mama. Katika nyumba nyingi baba hupewa chakula kizito, na mtoto hupewa maji ya juu. Maji hayo yana rangi na harufu, lakini protini iliyo nyingi imebaki chini ya sufuria. Mtoto akipewa maji tu, tumbo hujaa na mwili haujengwi. Umpe kile kizito kilichopondwa, bila pilipili, katika sahani yake mwenyewe. Anza akitimiza miezi 6, wala usimwachishe ziwa. Aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Wahindi hupika pia mchele na dengu katika chungu kimoja mpaka vilainike sana. Chakula hicho huitwa khichdi, nao huwapa watoto wadogo na wagonjwa wanaoanza kupata nafuu.

Lakini mtoto akivimba miguu, nywele zikigeuka rangi, akikataa kula, usikae nyumbani ukipika dengu na manjano kama dawa. Mlete hospitali siku ile ile.

5. Dengu zikikosekana

Tumia maharagi kwa namna iyo hiyo. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, uyachemshe kwa nguvu katika maji mapya mpaka yalainike kabisa. Maharagi mabichi au yaliyoiva nusu huumiza tumbo na kutapisha. Mchuzi uliobaki, ufunike. Na kabla ya kuula tena, uchemshe sana. Ukinuka uchachu, utupe.

Maswali

1. Kwa nini dengu huliwa pamoja na wali?
2. Nyanya hutiwa wakati gani, na kwa sababu gani?
3. Leo jioni, katika nyumba yako, nani atapewa kile kizito cha chini ya sufuria?