SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: JE, SEVA YA HIFADHIDATA IKO KAZINI?



Baadhi ya vyama vyetu sasa huandika mapokezi ya mazao katika kompyuta. Uzito wa kila mwanachama hutunzwa katika hifadhidata, ambayo ndiyo leja ya chama. Seva ya hifadhidata ni programu inayoifungua leja hiyo, kuandika ndani yake na kuisoma. Hufanya kazi kimyakimya, bila kuonekana kwenye kioo; kwa sababu hiyo yaweza kusimama na mtu asijue.

Katika chama kimoja nilichokikagua, umeme ulikatika usiku ukarudi alfajiri. Kompyuta ikawaka yenyewe, lakini seva ya hifadhidata haikuwaka, kwa kuwa haikuwa imepangwa kuanza yenyewe. Karani wa mizani alipoona mashine haipokei, aliandika uzito kwenye vikaratasi kwa muda wa siku tatu. Fundi alipofika, alimaliza kazi kwa dakika chache. Lakini vikaratasi vya wanachama wanne havikuonekana tena, na siku ya malipo wakabishana na chama juu ya jasho lao. Umeme ulikatika usiku mmoja tu. Siku tatu zile zilipotea kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuchunguza.

HATUA TATU ZA UCHUNGUZI

Taa ya ghala ikiwaka, si lazima mlinzi awe macho. Twamtazama kama yupo, twamwita aitike, kisha twamwambia afungue mlango. Seva nayo huchunguzwa hivyo hivyo. Tutumie mfano wa PostgreSQL, seva ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na ambayo haina ada ya leseni.

1. Yupo? Katika mashine nyingi za Linux, amri ya systemctl is-active, ikifuatwa na jina la huduma, hujibu kama huduma hiyo ipo kazini. Amri ya systemctl is-enabled hueleza kama imepangwa kuanza yenyewe. Tahadhari: katika Debian na Ubuntu, jina postgresql peke yake ni mwavuli tu, nalo laweza kujibu kwamba yote ni mema hali seva yenyewe imelala. Uliza kwa jina kamili lenye namba ya toleo, kama postgresql@16-main.

2. Anaitika? Amri ya pg_isready hubisha hodi katika mlango wa seva, ambao kwa kawaida ni namba 5432. Haihitaji neno la siri. Jibu 0 maana yake seva inapokea wageni. 1, ipo lakini inawakataa, kwa mfano wakati inapoanza. 2, hakuna jibu.

3. Anafanya kazi? Ingia, andika mstari mmoja katika jedwali la majaribio, kisha usome ulichoandika. Diski iliyojaa yaweza kuiacha seva ikiitika vizuri, lakini isiweze kuandika hata gunia moja.

NANI AMWANGALIE MWANGALIZI?

Uchunguzi upangwe ufanyike wenyewe, tuseme kila dakika tano, na ufanywe kutoka mashine nyingine. Mashine iliyokufa haiwezi kutangaza kifo chake.

Wala tusidhani kwamba kimya ni salama. Tarehe 31 Januari, 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa data za seva yao kuu ya PostgreSQL. Walipotafuta nakala za akiba za kila siku, waligundua kwamba zilikuwa zikishindwa kufanyika, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Data za saa sita hivi zilipotea. Kampuni hiyo yenyewe iliyatangaza makosa hayo ili wengine wajifunze.

Basi mashine itume ujumbe wa salama kila asubuhi, hata pasipo tatizo. Siku ujumbe usipofika, hiyo ndiyo kengele.

WAJIBU WA KATIBU

Kabla mizani haijafunguliwa, Katibu apate jibu la hatua zote tatu, aandike katika daftari tarehe, saa, jibu na jina lake. Seva ikiwa imesimama, mapokezi yaendelee kwa kitabu cha stakabadhi chenye namba na nakala. Mwanachama achukue yake, chama kibaki na nakala. Vikaratasi visitumike kamwe. Seva ikirudi, stakabadhi ziingizwe kwa kufuata namba, na mtu wa pili azihakiki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chama chetu kimempa nani kazi ya kuchunguza seva, na asipokuwapo nani humshika mkono?
2. Umeme ukikatika usiku wa leo, seva yetu itaanza yenyewe? Tumewahi kujaribu?
3. Kitabu cha stakabadhi cha dharura kiko wapi, na nani ana ufunguo?