SOMO LA MWEZI: IMANI YA MGOMBEA NA KURA YA MKRISTO

Masomo: Yeremia 29:4-7, Danieli 6:1-5, Matendo 17:22-31, 1 Petro 3:15-16



Somo hili lilianzia kwenye simu. Mama mmoja wa kwaya yetu alipigiwa na mwanawe, ambaye alipata makazi Marekani katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah. Kijana alimweleza kwamba majirani waliomletea meza, mablanketi na vyombo vya jikoni alipofika ni watu wa kanisa la Mormoni, na kwamba Jumapili humwalika kusali nao. Tena sasa amekula kiapo cha uraia, anaweza kupiga kura, na mgombea mmoja wa mtaani kwake ni wa kanisa hilohilo. Akauliza, "Mama, nifanye nini?"

Mama akalileta swali kwenye kikundi cha Jumatano. Tulibishana mpaka taa ikaishiwa betri. Mzee mmoja alisema kumpigia kura mtu wa dini ya uongo ni kuisaidia dini yake. Dada mmoja akajibu kwamba mzee huyo alisahau ni nani aliyempa mwanawe blanketi. Wengine walisema mambo juu ya Wamormoni ambayo baadaye tuliona si kweli kabisa. Tulikuwa tunawahukumu watu tusiowajua, jambo ambalo sisi tuliolala kambini miaka mingi hatulipendi tukifanyiwa. Ndipo tukaamua kusoma kwanza.

WATU HAWA NI AKINA NANI?

Jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tangu mwaka 2018 viongozi wao wameomba waitwe kwa jina hilo, wala si Wamormoni. Hapa tutatumia neno fupi kwa sababu ndilo linalojulikana, si kwa dharau. Kanisa lao lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York na Joseph Smith, kijana aliyesema kwamba alitembelewa na Mungu Baba na Yesu, na kwamba malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu ambayo alitafsiri kuwa Kitabu cha Mormoni.

Historia yao ya mwanzo itawagusa wengi wenu. Mwezi Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni wahesabiwe kuwa maadui, wafukuzwe jimboni au waangamizwe. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa mahali paitwapo Haun's Mill. Waliobaki walivuka kwenda Illinois wakati wa baridi kali, wakajenga mji wa Nauvoo. Tarehe 27 Juni 1844 Joseph Smith na kaka yake waliuawa na kundi la watu wenye silaha wakiwa gerezani. Kuanzia Februari 1846 wakafukuzwa tena. Walitembea na mikokoteni mwendo wa miezi mingi, wakizika watoto njiani, mpaka kundi la kwanza likafika bonde la Salt Lake mwezi Julai 1847. Amri ya Boggs haikufutwa rasmi mpaka mwaka 1976.

Tuseme pia upande wa pili, maana tunajua kwamba aliyekimbia anaweza naye kuua. Mwaka 1857 askari wa mgambo wa Kimormoni huko Utah waliwaua wasafiri wapatao 120 waliokuwa wakipita, wanawake na watoto wakiwemo. Kanisa lao wenyewe leo linakiri kwamba lilikuwa tendo baya.

WANAAMINI NINI?

Wanamwita Yesu Mwana wa Mungu na Mwokozi. Wanasali kwa jina lake. Kwa hiyo yule aliyesema Jumatano kwamba hawamtaji Yesu alikosea. Lakini maneno yakifanana, si lazima maana zifanane, na hapo ndipo tunapotengana nao.

Tofauti kubwa ni juu ya Mungu mwenyewe. Wao hufundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa, Mwana vilevile, na Roho Mtakatifu ni nafsi ya kiroho. Hawa watatu ni umoja wa kusudi, si wa asili moja kama makanisa yalivyokiri tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325. Hufundisha pia kwamba mwanadamu aliyekombolewa anaweza kuendelea mpaka afanane na Mungu. Someni Isaya 43:10 na Yohana 4:24 mlinganishe. Sisi hatuwezi kuiita hii tofauti ndogo. Anayeabudu anapaswa kujua anamwabudu nani.

Tofauti ya pili ni juu ya maandiko. Pamoja na Biblia wanavyo Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Wanasema nabii wao aliye hai anaweza kupokea ufunuo kwa ajili ya kanisa lote. Kwa sisi, kila anayedai kuwa nabii hupimwa kwa Biblia. Na kambini hapa tumeona wenyewe manabii wangapi waliokuja na begi tupu wakaondoka na begi limejaa.

Ya tatu ni ubatizo kwa ajili ya wafu. Mtu aliye hai hubatizwa hekaluni kwa niaba ya babu aliyekufa, nao huamini kwamba huyo babu anaweza kukubali au kukataa. Wanataja 1 Wakorintho 15:29. Sisi tunaona kwamba Paulo hapo anataja desturi ya watu ili kuthibitisha ufufuo, hatoi agizo. Ni kwa sababu ya fundisho hilo Wamormoni wamekusanya orodha kubwa sana za majina ya familia za dunia. Baadhi yetu hatuna hata karatasi moja yenye jina la babu, kwa hiyo tuliposoma habari hiyo tulinyamaza kidogo.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi Waafrika. Tangu siku za Brigham Young, aliyelitangaza wazi mwaka 1852, mpaka Juni 1978, mwanamume mwenye asili ya Afrika hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Mwaka 1978 kizuizi kiliondolewa. Baadaye, mwaka 2013, kanisa lilitoa maelezo ya kuyakana yale mafundisho yaliyotumika zamani kukitetea. Leo wana waumini wengi Afrika, na hekalu lao la Kinshasa lilifunguliwa mwaka 2019. Kijana wetu ana haki ya kuwauliza majirani zake juu ya hilo, kwa upole, nao wamjibu.

MGOMBEA ALIYEITWA ROMNEY

Swali la kijana wetu si jipya. Marekani yote ililijadili, na tunaweza kujifunza kutoka hapo.

Mitt Romney alizaliwa mwaka 1947, alikuwa mmisionari wa kanisa lake Ufaransa katika ujana wake, kisha gavana wa Massachusetts kuanzia 2003 hadi 2007. Baba yake, George Romney, alizaliwa mwaka 1907 katika koloni la Wamormoni kule Mexico. Mwaka 1912, wakati wa mapinduzi, familia hiyo ilikimbia vita ikaacha mali, ikafika El Paso, Texas, mtoto George akiwa na miaka 5 hivi. Mtoto huyo mkimbizi alikuja kuwa gavana wa Michigan. Wazazi wenye watoto wa umri huo kambini, wekeni habari hiyo moyoni.

Mitt alipogombea urais kwa mara ya kwanza ndani ya chama cha Republican, Wakristo wengi walisita kwa sababu ya imani yake. Mgombea mwenzake Mike Huckabee, aliyewahi kuwa mchungaji wa Kibaptisti, mwezi Desemba 2007 alimwuliza mwandishi wa gazeti kama Wamormoni hawaamini kwamba Yesu na shetani ni ndugu. Baadaye alimwomba Romney radhi. Tuliangalie swali hilo vizuri. Wamormoni hufundisha kwamba roho zote ziliishi kabla ya kuzaliwa duniani, zikiwa watoto wa Baba. Yesu ni mzaliwa wa kwanza, na Lusifa ni mmoja aliyeasi. Sisi tunalikataa fundisho hilo, kwa sababu kwetu Mwana hakuumbwa. Lakini swali liliulizwa bila maelezo yoyote, likaacha msikilizaji adhani watu hao wanamheshimu shetani. Hivyo ndivyo nusu ya kweli inavyorushwa kama jiwe. 1 Petro 3 inatutaka tujibu kwa upole na kicho, na dhamiri njema.

Tarehe 6 Desemba 2007 Romney alitoa hotuba huko Texas. Wengi walikumbuka hotuba ya John F. Kennedy, Mkatoliki, mbele ya wachungaji wa Houston mwezi Septemba 1960, aliposema kwamba kanisa lake halitamwamuru akiwa rais. Romney alisema vivyo hivyo, kwamba viongozi wa kanisa lake hawatakuwa na mamlaka juu ya maamuzi ya serikali. Alikiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, lakini akakataa kueleza mafundisho ya pekee ya kanisa lake. Alisema kufanya hivyo kungeleta kipimo cha dini ambacho katiba inakataza. Na ni kweli, Ibara ya 6 ya katiba ya Marekani inakataza kumpima mtu kwa dini ili apewe kazi ya serikali. Ila katiba humfunga serikali tu. Haimzuii mpiga kura kufikiri anavyotaka akiwa peke yake na karatasi yake. Ndiyo maana mjadala haukuisha.

Mwezi Januari 2008 Huckabee alimshinda Iowa, na Februari Romney akajitoa. Aligombea tena. Oktoba 2011 mchungaji Robert Jeffress wa Dallas alisema hadharani kwamba Umormoni ni dhehebu potovu, na kwamba Mkristo achague kwanza Mkristo. Lakini Romney alipopitishwa na chama mwaka 2012, mchungaji huyohuyo alimwunga mkono, na karibu wazungu wanane kati ya kumi wa makanisa ya kiinjili walimpigia kura. Obama alishinda. Na hapa kuna ajabu moja: Obama alikuwa muumini wa kanisa la Kikristo Chicago kwa miaka mingi, lakini Wamarekani wengi waliendelea kusema ni Mwislamu. Kwa hiyo mmoja alikataliwa kwa ajili ya imani aliyoikiri, na mwingine hakusadikiwa alipoikiri yake.

Tarehe 5 Februari 2020, akiwa seneta wa Utah, Romney alikuwa Mrepublican pekee katika Seneti aliyepiga kura ya kumtia hatiani Rais Trump katika kesi yake ya kwanza. Alisema aliapa mbele ya Mungu na imani yake haimruhusu kufanya vingine. Wako waliomsifu na wako waliomwita msaliti. Sisi hatuamui nani alikuwa sahihi. Tunachoona ni kwamba imani ya mtu haikai nyumbani anapokwenda kazini, kwa hiyo si kosa kuiuliza. Swali ni tunaiuliza nini.

TULIPOFIKIA

Danieli aliwatumikia wafalme wa Babeli na wa Wamedi, wasiomjua Mungu wake, na wenzake walipomchunguza walitafuta kosa katika kazi yake wakalikosa. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa wautakie mema mji waliopelekwa, mji uliojaa sanamu. Koreshi, aliyewarudisha Wayahudi kwao, hakuwa Myahudi. Na upande mwingine, mwaka 1994 huko Rwanda watu waliuawa ndani ya makanisa, na kati ya waliowaua wamo waliokuwa wakiungama Utatu kila Jumapili bila kukosea neno.

Karibu zaidi na nyumbani: katika uchaguzi mmoja wa viongozi wa zoni, ilisemwa hata kwenye ibada kwamba fulani asichaguliwe kwa kuwa anasali kwingine. Tukamchagua wa kwetu. Foleni ya maji mnaijua, hatuna haja ya kueleza.

Kwa hiyo wengi wetu tulimwambia mama amjibu mwanawe hivi. Kura si ubatizo. Amwangalie mgombea: je, husema kweli, hupokea rushwa, atamlinda mjane na mgeni, atawaacha wengine wasali wanavyoamini? Akiyaona hayo kwa Mmormoni kuliko kwa mwingine, ampigie bila hofu. Akiyakosa, asimpigie kwa sababu ya blanketi.

Juu ya kujiunga na kanisa lao, jibu letu lilikuwa jingine. Wao hawaukubali ubatizo wa makanisa mengine, angebatizwa upya. Roma nayo mwaka 2001 ilitangaza kwamba ubatizo wao si halali. Akikubali, atakuwa anasema kwamba siku ile alipoingia mtoni hapa, sisi tukiimba ukingoni, hakubatizwa. Awashukuru majirani, ale nao, awasaidie wakihama nyumba. Lakini imani yake awaeleze wazi mapema, wasije wakadhani aliwadanganya.

Mzee wetu hakukubali sehemu ya kwanza. Alisema mtu mkubwa akiwa wa dini fulani, dini ile hupata heshima, na vijana hufuata heshima. Hoja hiyo ina uzito, na hata Marekani ilisemwa. Hatukuweza kuimaliza.

Zungumzeni nyumbani: Ni jambo gani tumelisema juu ya dini ya jirani bila kulihakikisha? Kama mgombea wa kanisa letu ni mvivu na wa kanisa lingine ni mwaminifu, tutafanya nini mwezi wa uchaguzi wa zoni? Mtoto akituuliza Mungu ni nani, tunaweza kumjibu bila kumtaja wanayekosea?

Jumatano ijayo tutaendelea na Matendo 17, na mzee ameahidi kuja na majibu. Njoni na Biblia zenu, na mwenye taa iliyochajiwa aje nayo.