Donge la Nne

Mji wa Bukavu uko kando ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo liko juu sana, karibu mita 1.460 kupita bahari. Kwa hiyo usiku kuna baridi, na watu hujifunika mablanketi. Mtoto mchanga hupoteza joto la mwili upesi kuliko mtu mzima. Ndiyo sababu mama zake humvika nguo za sufu.

Katika mtaa mmoja wa Bukavu palikuwa na mama fundi wa kroshe. Kroshe ni neno la Kifaransa, maana yake ndoano ndogo. Mfumaji wa kroshe hutumia sindano moja tu, yenye ndoano kwenye ncha. Huvuta uzi kwa ndoano, hupitisha kitanzi ndani ya kitanzi, mpaka kitambaa kinatokea.

Siku moja mgeni alibisha mlangoni.

«Hodi, mama.»

«Karibu, mama. Keti.»

Mgeni akasema: «Baada ya Dominika tatu nitakuwa mama wa ubatizo. Nataka zawadi ya mtoto: kikoti, kofia na soksi. Vyote viwe vya rangi ya maziwa, vifanane.»

Mfumaji alichukua daftari. Akaandika vitu vitatu, rangi, siku ya kumaliza, na bei waliyopatana. Mgeni akalipa nusu, ili sufu inunuliwe.

Mfumaji hakuanza kikoti mara moja. Kwanza alifuma kipande kidogo cha sentimita 10 kila upande, kwa sufu iliyobaki ya kazi nyingine. Akahesabu vitanzi vyake. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa sasa huzunguka karibu sentimita 35. Kwa kipande kile aliweza kujua kofia inataka vitanzi vingapi, na kazi yote inataka madonge mangapi ya sufu. Akaona madonge 4 yatatosha.

Akamwita binti yake: «Mwanangu, nenda dukani ukanunue madonge 4. Kila donge lina karatasi yenye namba mbili. Moja ni ya rangi, nyingine ni ya birika. Namba zote ziwe sawa.»

Namba ya birika ni nini? Kiwandani sufu hutiwa rangi ndani ya birika kubwa. Sufu iliyotoka katika birika moja hufanana. Birika la siku nyingine, hata likitiwa dawa ileile, laweza kutofautiana kidogo.

Dukani binti alipata madonge 3 yenye namba moja ya birika. La nne lilikuwa na namba nyingine. Alilitazama, mle ndani mlikuwa na giza kidogo, akaona yote ni sawa. Akayalipa yote manne, akarudi nyumbani, akanyamaza.

Mama alifuma kikoti kutoka shingoni mpaka chini, kisha kofia kutoka utosini mpaka ukingoni. Madonge matatu yakaisha, ikabaki sufu kidogo tu. Asubuhi moja alikaa nje, akafungua donge la nne ili afume soksi. Loo! Kwenye jua sufu ile ilikuwa na manjano. Na siku zilizobaki zilikuwa 6 tu.

Binti akasema: «Mama, soksi ni ndogo. Nani atatazama miguu ya mtoto?»

Mama akajibu: «Mwenye kuagiza alisema vifanane. Nusu ya fedha yake tumekwisha kupokea. Je, uliziona namba?»

Binti akainamisha kichwa. «Niliziona, mama. Niliogopa kurudi mikono mitupu.»

Mama hakumpiga. Alisema: «Ungalirudi na matatu, ningalitafuta duka lingine siku ileile. Sasa twende wote wawili.»

Wakaenda kwa mwenye kuagiza, wakamwonyesha sufu mbili kwenye mwanga. Mama akasema: «Soksi hazitafanana na kikoti. Naweza kufanya hivi: nitafumua mwisho wa kikoti, wa mikono na wa kofia. Sufu itakayotoka itatosha soksi. Kisha kila kitu nitakitia pindo la manjano. Hivyo vitafanana, lakini si kama ulivyoagiza. Usipopenda, nitakurudishia fedha yako.»

Yule mama aliziangalia sufu kwa muda, akasema: «Tia pindo.»

Kazi ya kroshe hufumuliwa upesi, kwa sababu kitanzi cha mwisho ndicho kinachoshika vyote. Binti alifumua na kukunja uzi, mama alifuma. Hawakutia kamba ndefu shingoni, maana kamba yaweza kumkaba mtoto. Vifungo walivishona kwa nguvu, mtoto asiving'oe na kuvimeza.

Ijumaa kazi ilikwisha. Binti alifua nguo zile kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kwa sababu sufu ikitiwa katika maji ya moto hujikunja na kuwa ngumu. Hakuzikamua kwa kuzisokota. Alizilaza juu ya kitambaa kivulini mpaka zikakauka. Jumamosi mwenye kuagiza alikuja, akazipanga mezani, akalipa nusu iliyobaki.

Jioni binti alifungua daftari. Chini ya agizo lile akaandika: «Kwanza namba, kisha fedha.»

Mwenye kupokea agizo amefunga ahadi, na ahadi ni deni.

Maulizo

1. Kwa nini mama alifuma kipande kidogo kwanza?
2. Namba ya birika yatufundisha nini?
3. Binti alikosa wapi: dukani, au nyumbani aliponyamaza?
4. Kwa nini walikwenda kwa mwenye kuagiza kabla ya kufumua?
5. Sufu hufuliwa namna gani?