SOMO LA AFISI: KUIAMRISHA KOMPYUTA IPANGE NA KUNAKILI MAFAILI YENYEWE

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Kauli hiyo iliwalenga wafanyabiashara, lakini inazihusu vilevile afisi za umma, ambazo mali yao kubwa ni kumbukumbu. Mtumishi anayestaafu hutegemea jalada lake ili alipwe kiinua mgongo kilicho sahihi. Mjane anayefuatilia haki za marehemu mumewe hutegemea barua iliyoandikwa miaka 20 nyuma. Mwananchi mwenye mgogoro wa kiwanja hutegemea hati na ramani. Kumbukumbu hizo ni amana mikononi mwa Serikali, na amana hurejeshwa kama ilivyopokelewa.

Zamani amana hiyo ilikaa katika majalada ya karatasi, chini ya uangalizi wa karani wa masjala. Siku hizi sehemu kubwa yake huandikwa na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta za mezani, ambamo mara nyingi hamna masjala wala karani. Si ajabu kukuta mafaili yaitwayo "barua mpya", "barua mpya 2" na "barua ya mwisho kabisa" yamerundikana pahala pamoja, na nakala ya akiba ikifanywa pale tu mtu anapokumbuka. Siku diski inapoharibika, anayepata hasara si kompyuta, bali ni mwananchi aliyesimama kaunta.

Somo hili linaeleza namna ya kuiamrisha kompyuta ifanye kazi mbili kila siku bila ya kukumbushwa: kuyapanga mafaili na kuyanakili. Maelezo yanahusu kompyuta zinazotumia Windows, kwa kuwa programu zinazohitajika zimo ndani yake tayari. Kinachohitajika kununuliwa ni diski za nje tu. Mtumishi atakayetaka kufuata somo hili katika kompyuta ya Serikali apate kwanza idhini ya mkuu wake na ushauri wa kitengo cha TEHAMA. Mwananchi mwenye kompyuta nyumbani anaweza kulifuata kwa faida yake mwenyewe.

1. KWANZA UTARATIBU, KISHA MASHINE

Kompyuta haijui tofauti ya barua ya likizo na barua ya uhamisho. Inalolijua ni jina la faili na mahali lilipowekwa. Kwa hiyo afisi isiyo na utaratibu wa majina haiwezi kusaidiwa na amri yoyote. Itaharakisha tu mchafuko iliokuwa nao.

Inafaa jina la kila faili liwe na sehemu tatu: alama ya sehemu husika, tarehe, na mada kwa ufupi. Kwa mfano, barua ya likizo ya tarehe 14 Machi, 2025 iitwe UTM_2025-03-14_likizo, ambapo UTM ni alama ya utumishi. Tarehe ianze na mwaka, ufuatwe na mwezi, kisha siku. Sababu ni kwamba kompyuta hupanga majina kwa kulinganisha herufi moja baada ya nyingine kuanzia kushoto. Mwaka ukitangulia, barua zitajipanga zenyewe kutoka ya kale hadi ya karibuni. Siku ikitangulia, barua ya tarehe 1 Disemba itakaa kabla ya ile ya tarehe 2 Januari ya mwaka huo huo.

Makarani waliozoea namba za kumbukumbu za Serikali wazingatie jambo moja. Namba hizo hutenganishwa kwa mkwaju, lakini Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala nukta mbili, wala alama ya kuuliza. Badala ya mkwaju itumike kistari.

Baada ya majina, zitengenezwe folda tatu kuu katika diski ya ndani. Ya kwanza iitwe MAPOKEZI, ambamo kila faili jipya huwekwa. Ya pili iitwe KAZI, na ndani yake kuwe na folda za sehemu mbalimbali, kama UTUMISHI na FEDHA. Ya tatu iitwe RIPOTI. Katika mifano ya somo hili diski ya ndani ni D na diski ya nje ni E. Herufi hizo zibadilishwe kulingana na kompyuta iliyopo.

2. KUIANDIKA AMRI

Programu itakayotumika inaitwa Robocopy. Katika miaka ya 1990 ilitolewa pamoja na zana za mafundi wa Windows NT, na tangu Windows Vista imekuwa sehemu ya kila Windows. Haina madirisha wala vitufe. Huamrishwa kwa maandishi.

Mtumishi afungue programu ya Notepad, kisha aandike mistari mitatu ifuatayo, kila mmoja katika mstari wake:

robocopy "D:\MAPOKEZI" "D:\KAZI\UTUMISHI" UTM_*.* /MOV /R:3 /W:10

robocopy "D:\MAPOKEZI" "D:\KAZI\FEDHA" FED_*.* /MOV /R:3 /W:10

robocopy "D:\KAZI" "E:\NAKALA\JUMATATU" /E /R:3 /W:10 /LOG+:"D:\RIPOTI\nakala.txt"

Mistari miwili ya mwanzo ndiyo inayopanga. Wa kwanza unasema: kila faili lililomo MAPOKEZI ambalo jina lake linaanza na UTM lihamishiwe folda ya UTUMISHI. Wa pili unafanya hivyo kwa mafaili ya fedha. Faili lisilo na alama halitaguswa. Litabaki MAPOKEZI hadi mwenyewe alipe jina linalofaa. Hadhari moja ni ya lazima: ikiwa faili linalohamishwa lina jina lile lile la faili jingine lililokwishatangulia huko, jipya litachukua nafasi ya la zamani bila ya kuuliza. Ndiyo maana tarehe na mada ni vitu vya lazima katika jina.

Mstari wa tatu ndio unaonakili. Alama /E huamuru folda zote za ndani zinakiliwe, hata zilizo tupu. Robocopy haipotezi muda kwa mafaili ambayo hayakubadilika tangu nakala iliyopita. Hunakili mapya na yaliyobadilishwa tu. Hivyo siku ya kwanza kazi inaweza kuchukua muda mrefu, na siku zinazofuata dakika chache. Maneno ya mwisho ya mstari huo huandika ripoti ya kilichofanyika.

Alama /R:3 na /W:10 zisiachwe. Zinasema kwamba faili likikataa kunakiliwa, kwa mfano kwa sababu mtu amelifungua, lijaribiwe mara 3 kwa kusubiri sekunde 10 kila mara, kisha kazi iendelee. Zikiachwa, Robocopy hufuata desturi yake ya asili, ambayo ni kujaribu mara 1,000,000 na kusubiri sekunde 30 kila mara. Hizo ni sekunde milioni 30, sawa na siku 347 hivi, kwa faili moja tu.

Maandishi hayo yahifadhiwe kwa jina JUMATATU.bat. Wakati wa kuhifadhi, aina ya faili ichaguliwe kuwa mafaili yote. Vinginevyo Notepad itaongeza kiambishi chake cha txt na amri haitafanya kazi. Kisha zitengenezwe nyengine nne kwa siku za Jumanne hadi Ijumaa, na katika kila moja libadilishwe jina la siku tu. Diski ya nje iwe na nafasi ya kutosha nakala zote tano.

3. KUPANGA WAKATI

Ndani ya Windows imo programu iitwayo Task Scheduler, ambayo kazi yake ni kuziendesha amri kwa saa zilizopangwa. Humo kila amri ipewe siku yake ya juma na saa yake.

Hapa wengi hukosea. Kompyuta haijui saa za Kiswahili. Mtu anayekusudia saa 7:15 mchana akaandika 7:15, atakuwa ameiamrisha saa moja na robo asubuhi, wakati ambapo huenda afisi haijafunguliwa. Saa 7:15 mchana iandikwe 13:15. Wakati huo unafaa, kwa kuwa kompyuta zinawaka na watumishi wengi wako katika sala au chakula, hivyo mafaili mengi yatakuwa yamefungwa. Usiku wa manane haufai kwa afisi inayozima kompyuta zake jioni, kwani kompyuta iliyozimwa haitekelezi amri. Kwa siku ambazo umeme utakatika, kipo kisanduku cha kuiagiza amri iliyokosa wakati wake iendeshwe mara itakapowezekana. Kisanduku hicho kitiwe alama.

4. MAMBO MANNE YENYE HATARI

La kwanza ni alama ya /MIR, ambayo wengine huipenda kwa kuwa huifanya nakala ifanane kabisa na asili. Kufanana huko kuna maana ya kufuta. Mtumishi akilifuta faili kwa bahati mbaya asubuhi, amri ya mchana italifuta katika nakala pia. Anayeilazimikia aongeze kwanza alama ya /L, ambayo huorodhesha yatakayotendeka bila ya kutenda lolote.

La pili ni kutegemea nakala moja. Faili likiharibiwa maandishi yake bila ya kufutwa, nakala nayo itaharibika siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo faida ya folda tano: kosa la Jumanne likigunduliwa Alkhamisi, nakala ya Jumatatu bado ni salama. Kwa makosa yanayochelewa kugundulika, mwisho wa kila mwezi ifanywe nakala katika diski ya pili.

La tatu ni kuiacha diski ya nje imechomekwa wakati wote. Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zinazokadiriwa kuzidi 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na wenyewe wakadaiwa fedha ili wafunguliwe. Programu za namna hiyo huweza kuyafunga pia mafaili ya diski iliyochomekwa. Diski ya mwisho wa mwezi ichomolewe mara kazi inapokwisha.

La nne ni kuiweka nakala karibu na asili. Tarehe 25 Disemba, 2020 sehemu ya jengo la Beit el Ajaib, Mji Mkongwe, iliporomoka. Jengo lililosimama tangu karne ya 19 limefundisha kuwa hakuna ukuta unaoaminika milele. Moto na maji ya mvua havichagui pia. Kwa hiyo diski ya pili ihifadhiwe katika jengo jengine la Serikali, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, mbali na unyevu. Isipelekwe nyumbani kwa mtu, kwa kuwa ina siri za watu.

5. KUHAKIKISHA

Amri inayojiendesha ina ubaya mmoja: inapoacha kufanya kazi, huacha kimya kimya. Diski ya nje inaweza kubadilishiwa herufi kutoka E kuwa F, na hapo amri hailipati pahala pake. Kwa hiyo kila Ijumaa mtumishi aliyepewa jukumu aisome ripoti katika folda ya RIPOTI. Mwisho wa ripoti pana jedwali. Safu yenye kichwa cha FAILED ndiyo ya yaliyoshindikana, nayo isomeke 0. Katika Task Scheduler, namba ya matokeo ikiwa 1 asishituke: kwa Robocopy ina maana kuwa yapo mafaili yaliyonakiliwa vyema. Namba 8 na kuendelea ndizo za kushughulikiwa.

Aidha, mara moja kwa mwezi yachaguliwe mafaili matatu kutoka kwenye nakala, yafunguliwe katika kompyuta nyengine na kusomwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu.

Wakuu wa sehemu wanakumbushwa kuwa jukumu hili likabidhiwe kwa mtumishi kwa maandishi, pamoja na msaidizi wake, na liingizwe katika hati ya makabidhiano kila anapohamishwa au kustaafu. Kompyuta inaweza kulibeba jukumu la kukumbuka saa; jukumu la amana linabaki kwa mwanadamu.